Saa Yako Haikukosea

Baba Zaina,

Shikamoo huko uliko. Usicheke mwandiko wangu, madarasa ya watu wazima yalinifikisha hapa tu. Ningekuja kukueleza kaburini, ila watu wa Soni wana masikio.

Saa yako ninayo. Zaina aliitaka aiuze, nikamfukuza. Baiskeli zikipanda kutoka Mombo bado nakaa kibarazani kwenye kigoda chako, nawapima waendeshaji tangu wanapotokea kona ya chini mpaka darajani. Ulinichosha na kazi hiyo ulipokuwa hai. Sasa najikuta nageuka kukuuliza, "Ngapi?" Halafu nakumbuka.

Mambo yamebadilika. Siku hizi kila kitu ruksa. Tajiri mmoja wa matairi, wa Tanga, ameunda timu, anawalipa vijana mshahara kwa kuendesha baiskeli tu. Akamchukua mjukuu wako Rajabu, mume wangu mdogo, yule aliyekuwa akishusha kabichi za Magamba kwa baiskeli mpaka Mombo. Maduka ya dawa nayo yako kila kona, unauziwa chochote bila kuulizwa unaumwa nini.

Mashindano ya baada ya Idi, Rajabu alishinda. Watu walimbeba juu juu. Mimi nilitazama saa, nikaitazama tena.

Unamkumbuka yule kijana wa Moshi, majirani walivyodai amemeza dawa kwa sababu tu kawaacha wetu mbali? Ukawaambia, "Msimpime kwa wenzake, mpimeni kwa yeye mwenyewe. Huyu ndivyo apandavyo siku zote." Basi nami nikampima Rajabu kwa Rajabu. Kila msimu alikuwa anapunguza dakika moja, tena kwa jasho. Siku ile alipunguza sita. Na pale penye mwinuko mkali, anaposimama kwenye pedeli mdomo wazi, alipita ameketi kama anakwenda harusini.

Nikamuuliza amekula nini. "Mazoezi, bibi." Nikamwambia mazoezi hayampati mtu ghafla kama mafua. Akacheka: "Saa ya babu imezeeka kama wewe." Nikaipatanisha na redio mbele yake. Haikukosea.

Nikasema, "Haya, mume wangu. Utalala hapa kwangu, utakula chakula changu, kesho upande tena nikuone." Hapo kicheko kikaisha. Akatoa vidonge mfukoni. Eti wenzake wote wanameza, eti asipomeza anarudishwa kwenye kabichi. Nikamwambia kabichi zilimlisha baba yake, na moyo ukipasuka pale kwenye kona hakuna tajiri atakayemshonea mwingine.

Nikampeleka mwenyewe Tanga kwa tajiri wake. Alirudisha kikombe cha ushindi kwa mikono yake, akatolewa kwenye timu. Tajiri kasema msimu ujao akipanda msafi, atarudi. Huku wanasema, bibi gani anamchongea mjukuu wake. Waseme. Mimi nataka mjukuu anizike, siyo mimi nimzike yeye. Kukuzika wewe kumenitosha.

Na wewe una lawama. Ulimfundisha kupenda kushinda, kushindwa hukumfundisha, ukaniachia mimi.

Alininunia mpaka mvua za vuli. Sasa amerudi kwenye kabichi, na akishamaliza kuzishusha anapanda mlima bila mzigo, wala hashiki mkia wa lori. Jana nilimpima. Alipita mwinuko amesimama kwenye pedeli, mdomo wazi, jasho limemlowesha mpaka soksi. Alichelewa kuliko alivyokuwa kabla ya huo upuuzi. Alipofika kibarazani akauliza, "Ngapi, bibi?" Nilidhani ni wewe, mzee wangu. Aliuliza kwa sauti yako.

Nikamwambia ukweli. Akanywa maji, akasema kesho tena.

Kwa hiyo pumzika. Rajabu ni wetu, atarudi kwenye timu, na siku akishinda sitapiga kigelegele mpaka nitazame saa kwanza. Naitia ufunguo kila asubuhi. Mkononi mwangu haitasimama.

Mkeo,
Mama Zaina