Kidude cha Shangazi wa Bibi Harusi

Kasese, 4 Machi 2012

Mjomba Ukasha,

Shikamoo. Mimi na kitoto changu wazima, kinanyonya na kunipigia kelele kutwa. Bwera hamjambo?

Nasikia Mama amekataa kuongoza nyimbo kwenye harusi ya Hidayah wako. Ati tangu macho yake yapoteze nuru, na maneno yamemtoroka. Mjomba, binti yako atoke nyumbani kwa spika za kukodi, na shangazi yake yu hai? Haiwezekani!

Kaseti alizoimba ujanani nilizihamishia kwenye kompyuta; akizisikiliza, maneno yatamrudia. Nitafutie sokoni Mpondwe kidude cha kusikilizia muziki, cha bei nafuu, chenye vitufe anavyoweza kupapasa. Ila kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux, ule wenye picha ya pengwini uliyemwita bata. Haikubali programu za Windows wanazotumia wengine. Kidude kikichomekwa kifunguke chenyewe kama flashi, basi. Ningekuja mwenyewe, lakini arobaini yangu haijaisha.

Mpwa wako,
Asmah

Bwera, 11 Machi

Mpwa wangu,

Salamu zimefika. Mama yako anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi. Kidude anakuletea dereva wetu, Musitafa. Tazama kinavyong'aa! Mwili mzima kioo. Muuzaji ameapa kinakubali kompyuta yoyote duniani, na mimi mfanyabiashara mzima sidanganywi.

Mjomba wako,
Ukasha

Kasese, 15 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole, maana umedanganywa. Kimedai kwanza niweke programu ya Windows. Na kwenye kioo hicho kitelezi Mama atapapasa nini?

Nakurudishia hicho kioo, na kompyuta yenyewe nakutumia, nimeiviringa kwa shali ya mtoto. Usilipe kabla hujachomeka. Folda ikitokea, na wimbo ukiingia ukalia, nunua. Lakini ishike vizuri. Kaseti zililiwa na panya, nyimbo zimebaki humo tu. Naogopa, Mjomba.

Asmah wako

Bwera, 22 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Bata wako mzima, usiogope.

Nilikaa kwenye meza ya yule muuzaji kama mtu wa forodha. Nachomeka hiki, kimya. Kile, kimya. Watu wakajaa. Muuzaji akafoka kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka, "Papa, batu bote beko na Windows, weye peke yako iko na bata! Machine yako iko mugonjwa!" Nikamwambia, "Lete ingine."

Chini ya sanduku akatoa kibaya kuliko vyote: kinene, cha betri ya redio, vitufe kama vya rimoti, tena kinanasa sauti. Kuchomeka tu, folda! Wimbo ukalia, nami nikapiga takbira pale pale sokoni. Akakibadilisha na kile kioo na chenji akanipa, amenuna.

Mama yako alisikiliza, akauliza, "Nani huyu anaimba hivi?" Nikamwambia, "Wewe, dada." Alilia, Asmah. Kisha akanifukuza chumbani. Siku hizi anachambua mchele huku midomo inacheza, ila kuhusu harusi hajasema neno.

Mjomba wako

Bwera, 2 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini hamjambo, wewe na mwanao. Harusi imepita. Kompyuta inarudi, na shali yake.

Nilitaka kukusimulia yote, mama yako amenikataza. Anasema mimi huongeza chumvi. Basi nitasema hili tu: alishikwa mkono mpaka mlangoni, na hapo akauachia. Upande wa bwana harusi walijaribu kupokea wimbo wake, wakabaki kupiga makofi.

Kidude kimo ndani ya shali. Hidayah mwenyewe alikibonyeza kinase. Mama yako anataka nyimbo hizi mpya uziweke mbele ya zile za zamani, maana huyo msichana wa kwenye kaseti, anasema, alikuwa bado anajifunza.

Acha kusoma. Kichomeke.

Mjomba wako, mwenye bata,
Ukasha