Kidonge cha Somoe

Shella, Malindi
Jumatatu, 17 Februari 2025

Kwa dada yangu Lubna,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji Twahir na watoto mkiwa wazima, na kwamba goti lako limepunguza kero tangu uanze kulichua. Sisi huku alhamdulillahi tunapumua, na katika nyumba hii kupumua si jambo dogo. Mimi siumwi popote, ila nimechoka. Nimechoka uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu wakati kila Ijumaa tunasemezana kwa simu. Ijumaa iliyopita uliniambia shemeji ameamua kuja kumchukua Somoe kabla ya mfungo, amrudishe Faza, maana dawa ya hawa watafiti imeshindwa na hataki tena kusikia habari za madaktari. Mimi nikasema haya, nikakata simu. Sikukujibu kwa sababu jibu langu ni refu, na kila nikijaribu kulianza kwenye simu wewe huanza kuniombea dua, nami hunyamaza. Basi nakuomba uisome yote kwanza, ndipo uzungumze na mumeo.

Unakumbuka Somoe alivyokuja kwangu miaka miwili iliyopita, ana begi moja na pampu yake ya pumu, ili awe karibu na hospitali. Kila alfajiri chafya kumi na tano, macho mekundu, kifua kinapiga mluzi. Daktari Gerishom, yule wa kliniki ya utafiti, alimtia matone mkononi na kumchoma kidogo kwa sindano. Tone la vijidudu vya vumbi likavimba palepale. Akanieleza kwamba ni jamaa ya utitiri wa kuku, ila hawa hawaonekani kwa macho, wanaishi kwenye magodoro na mito, na uchafu wao ndio unaomfunga mtoto pumzi. Akasema wanajaribu kidonge kilichotengenezwa kwa vijidudu haohao, kinawekwa chini ya ulimi kila siku kwa mwaka mzima, mpaka mwili uwazoee. Nusu ya watoto wangepewa chenye dawa na nusu kitupu, na hata yeye mwenyewe asingejua nani kapata kipi hadi mwisho.

Mwanangu Fumo naye alipimwa siku ileile, mkono wake ukavimba, tena ukaupita wa Somoe. Lakini sharti lao lilikuwa nyumba moja, mtoto mmoja. Wakaniambia nichague. Nilichagua wako, dada, kwa kuwa ni amana, na kwa kuwa sikutaka aje mtu aseme Mahfudha kaweka mwanawe mbele. Ulilia kwenye simu. Ukawahadithia shangazi zetu wote, na nilipokuja Faza harusini, kila aliyenishika mkono alinisifu kwa hilo. Sifa zile nilizipokea nikatabasamu.

Kazi ilianza hapo. Wanijua mimi, tangu utotoni wewe ndiye wa ufagio na mimi ndiye wa kupita kando. Sasa kila Jumamosi nachemsha maji, nafua mashuka yote na foronya zote, naanika, nabeba magodoro hadi juani na kuyarudisha ndani. Mito ya sufi aliyotushonea marehemu mama niliambiwa niitoe, nikaitoa, nikailia. Baba yake Fumo yuko kazini hotelini Kikambala na huja mara moja kwa mwezi, akifika anauliza kwa nini nyumba inanuka sabuni. Siku nyingine nilisimama katikati ya ua na godoro kichwani, nikasahau nilikuwa nalipeleka ndani au nje.

Kila baada ya wiki mbili alikuja Damaris, msaidizi wao, msichana wa Marafa mwenye adabu zake. Alihesabu pakiti tupu za vidonge, akasoma daftari nililokuwa naandika kila asubuhi: chafya ngapi, pampu mara ngapi, kidonge kimetumika au hakikutumika. Pakiti hazikupungua wala kuzidi hata siku moja. Damaris alisema hajapata kuona nyumba yenye nidhamu kama yangu.

Yaliyofuata unayajua kwa nusu. Mwezi wa nane Somoe alibanwa hadi midomo ikabadilika rangi, akalazwa siku mbili, nami nikakwambia ni ule upepo wa baridi. Mwaka ulipotimia hali yake ilikuwa vilevile. Mwezi uliopita wakafungua siri, ikaonekana Somoe alikuwa katika wale wa dawa yenyewe. Daktari alisikitika. Alisema wenzake wengi waliopewa dawa hiyo wamepata nafuu, wengine pampu wameisahau, lakini kwa huyu haikufanya kazi, kwa hiyo hatakuwa katika orodha ya watakaoendelea kupewa. Habari hiyo nilikupa kama nilivyopewa, na ndiyo iliyomfanya shemeji akate shauri.

Dada, dawa haikushindwa. Somoe hakupata dawa.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Zile siku za mwanzo Somoe alilalamika ulimi unamwasha na masikio yanamwasha. Damaris alisema huwa hivyo mwanzoni, yatapita. Mimi nikajua moyoni kwamba chetu si kitupu. Na kila asubuhi, nikimwekea Somoe kidonge, Fumo alikuwa amesimama mlangoni na kifua chake kinalia, anatazama. Hakuomba. Siku moja tu aliniuliza kama na yeye akiwa mkubwa atapata cha kwake. Wewe na mimi tumelelewa na mama aliyekuwa akigawa yai moja la kuchemsha kwa uzi, lisipungue upande huu wala ule. Katika nyumba yetu hapakuwahi kutokea mtoto mmoja kutiwa kitu mdomoni mwingine akiangalia. Mimi nilivumilia wiki sita. Wiki ya saba nilikipasua kidonge kwa wembe, nikampa kila mmoja nusu yake.

Kidonge chenyewe ni laini, kinasagika kama biskuti, kwa hiyo hata nusu hazikuwa nusu. Mara ya kwanza mdomo wa Fumo ulivimba wote. Nilikaa naye nikimhesabia pumzi hadi uvimbe ukashuka, kisha nikampigia mwalimu wake simu kwamba kaumwa na nyuki. Ungedhani ningekoma hapo. Sikukoma. Nilijiambia uvimbe ni dalili kwamba inafanya kazi. Nilijiambia nusu ni bora kuliko hakuna, na kwamba Mungu ndiye anayeponya, si kipimo cha daktari. Daftarini nikaendelea kuandika kwamba kidonge kimetumika. Si uongo, nilikuwa nikijitetea, kimetumika kweli. Miezi kumi na zaidi, dada. Nusu ile haikumfaa huyu wala yule. Kifua cha Fumo kinapiga mluzi hadi leo, na Somoe wako alilazwa kwa mkono wangu, si kwa upepo wa baridi.

Hilo si baya kuliko yote. Somoe alikuwa akijua. Wiki sita za mwanzo alikipata kizima, akakihisi chini ya ulimi, kwa hiyo aliijua tofauti. Sikumwambia neno, wala sikumkataza kusema. Lakini Damaris alipomuuliza kama kila siku anapata kidonge kizima, Somoe alinitazama kwanza, kisha akasema ndiyo. Kila baada ya wiki mbili alinitazama na kusema ndiyo. Mtoto wako uliyenipa nimlee, nimemfundisha kusema uongo pasipo kufungua mdomo wangu. Hili ndilo linaloninyima usingizi, zaidi hata ya siku mbili za wodini.

Alhamisi nilikwenda kwa Daktari Gerishom nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tarehe nilipoanza kugawa, akaiandika, akaniuliza kuhusu ule uvimbe wa Fumo, akaniambia wazi kwamba ningeweza kumuua. Akasema hesabu za Somoe itabidi ziondolewe katika majibu ya utafiti, maana zilikuwa zikidanganya kwamba dawa haifai, na kuna watoto wengine ambao wangenyimwa dawa kwa sababu ya hesabu hizo. Damaris alikuwapo. Yeye ndiye aliyekasirika. Alisema nyumba yangu alikuwa akiitolea mfano kwa kina mama wengine, hadi kwa mama yake mzazi, kisha akatoka nje na hakurudi kuniaga.

Kuhusu Fumo, hakuna nafasi. Atahudhuria kliniki ya kawaida ya pumu kama watoto wote, na mimi nimekubali, japo nilitoka pale nikamkumbatia kama aliyefiwa. Lakini Somoe anaweza kuanza upya, tangu kidonge cha kwanza, mwaka mzima, akiangaliwa kwa karibu zaidi. Daktari amesema atamhesabu kama mtoto ambaye hajatibiwa bado. Anachotaka ni ruhusa ya mzazi, si ya mlezi, nayo imfikie kabla ya mwisho wa mwezi. Shemeji akija kumchukua kwa kudhani dawa imeshindwa, basi makosa yangu yatakuwa yamemfunga mtoto maisha yake yote, na huko Faza hakuna wa kumpa dawa hii. Ndiyo maana nimeandika. Nichukieni mimi, lakini msiichukie dawa.

Jana nilimwambia Somoe kwamba nakuandikia kila kitu. Akaniomba nikuandikie na hili: kwamba yeye alikubali kugawana na Fumo, hakulazimishwa. Nimeliandika kwa kuwa nimemwahidi. Lakini alikuwa na miaka tisa, dada. Usinikubalie udhuru huo.

Fomu ya daktari iko ndani ya bahasha hii. Isomeni pamoja, shemeji atie sahihi akiridhika. Chini kabisa kuna mstari wa jina la mtu mzima atakayempa mtoto dawa kila asubuhi na kushuhudia anaimaliza. Karani wa kliniki alitaka kuandika jina langu, nikamzuia. Unaweza kuandika lako ukaja kukaa naye. Chumba kipo, na mashuka yamefuliwa. Unaweza kuandika la mtu yeyote wa hapa Malindi unayemwamini, nami nitampeleka mtoto kwake kila siku kwa miguu yangu, nikae nje. Mstari huo nimeuacha wazi.

Nisalimie shemeji Twahir, umwambie namwomba radhi kabla sijamwona. Wabusu watoto. Baba yake Fumo anawasalimu. Haya ameyajua juzi, na bado hajanisemesha. Fumo anakuamkia shikamoo, na Somoe anasema amekukumbuka na ameshahitimu juzuu ya tatu. Pampu yake ni mpya, nimemnunulia. Mungu awahifadhi, awape mfungo mwema, na akupe moyo wa kuniambia neno lolote, hata liwe kali.

Ni mimi mdogo wako,
Mahfudha