Meno Ambayo Kompyuta Yako Haijayaona

Nyuma ya karakana,
Thongpiny, Juba.
Jumanne, 11 Machi 2025

Mpendwa mjukuu wangu Kiprono,

Pokea salamu za Kogo wako. Hapo Eldoret mko salama? Mgongo wa mama yako Zilpah umepoa, au bado anabeba maji kama hakuzaa watoto? Mimi nakula, nalala. Joto tu ndilo linatukaanga.

Jumapili ulinikatia simu. Eti, "Kogo, wewe pika, programu tuachie sisi." Basi nimeandika, kwa darasa langu hilo la tatu. Barua huwezi kuikata.

Mwaka wa nne huu napikia mafundi hapa, na najua mashine inavyolia ikiwa sawa. Wewe huko unachora njia ya kisu kwenye kompyuta, unamtumia kaka yako Levi, naye anaiingiza kwenye mashine. Bomba linazunguka polepole, kisu nacho kinajizungusha kasi, kinalikata hesi, ile mikunjo kama ya mdomo wa chupa. Ni kazi safi. Nimewasifu kanisani wote wawili.

Lakini kuna jambo Levi amekuficha. Yale meno ya mashine yanayobana bomba, aliyavunja mwezi uliopita kwa kukaza kama anayeua nyoka. Akafunga mengine, marefu zaidi. Anaona haya, mdogo wake usije ukamcheka. Kwa hiyo kompyuta yako ina meno mafupi, na mashine ina marefu.

Jumamosi alijaribu kwenye bomba bovu. Kisu kiligonga yale meno, kikalia mlio ambao sijawahi kuusikia, kikapasuka. Kipande kikatoboa ule ubao waliopigilia mlangoni pa mashine baada ya kioo kuvunjika. Levi alikuwa ameinama kuokota spana. Alipoinuka alibandika selotepu juu ya tundu, akaniambia, "Mafi muskila, hakuna shida, Kogo. Kisu ndicho kilikuwa kibovu. Programu ya Kiprono haikosei."

Umesikia? Yeye anakuamini wewe, wewe unaamini skrini, na skrini haijawahi kufika Juba.

Kisu kipya kinashuka uwanja wa ndege Jumatatu asubuhi. Madut, mwenye kisima, anataka mabomba yake siku hiyohiyo. Levi akikata husimama palepale mbele ya ubao, asikilize. Nimemkataza, anacheka. Mashine imezimwa tangu Jumamosi, lakini ule mlio bado nausikia nikisonga ugali.

Rita, jirani yangu hapa, anapanda ndege Alhamisi kuja huko. Atakupa barua hii mkononi, na kamba mbili. Ile fupi ni urefu wa meno mapya. Nilipima mwenyewe Levi akiwa kanisani. Iweke kwenye mchoro wako, urekebishe, umpigie kabla ya Jumatatu. Mwambie Kogo ndiye amesema. Anikasirikie mimi, nimezoea.

Msalimie Zilpah, na mkeo Immaculate, mwambie ule mwiko alioniletea ni mwepesi mno, haufai.

Sasa ile kamba ndefu. Nimeipima kutoka sakafuni hadi kwenye lile tundu. Wewe na Levi mnalingana kimo. Vua viatu, kanyaga ncha moja, uivute juu mbele ya mwili wako, uone inakoishia.

Ukishaona, usiketi. Piga simu.

Mungu awafunike nyote wawili.

Ni mimi nikupendaye hata ukinikatia simu,
Kogo Tapkigen