Chumvi ya Supu ya Uyoga

Dada Nafula mpenzi,

Pole sana na matibabu. Tangu uniambie kwenye simu kwamba kila chakula sasa ni kama kutafuna karatasi, sina raha. Jana mvua ilipokuwa inapiga mabati huku Mengo, mwenyeji wangu Mama Sanyu, mwalimu wa kemia, aliniita jikoni. Alikuwa anachemsha uyoga kwa karanga.

"Onja chumvi, bwana ssebo. Mimi siwezi. Sisi watu ya ukoo ya Uyoga hatukuli uyoga, ni mwiko."

Kumbe miaka yote anawapikia watu kitu asichokijua ladha yake! Nikaonja, nikasema bado kidogo. Nikamsimulia habari zako. Akapanga karanga mezani mstari mrefu, nyingine akaziweka pembeni kama matawi.

"Ndani ya uyoga iko sukari imeshikana hivi. Ulimi hasikii utamu yake, lakini askari ya mwili wanajua hiyo umbo, wanaamka. Chemsha polepole, maji usimwage. Lakini dada asiache dawa ya hospitali. Hii ni chakula tu."

Kisha akanifungia uyoga mkavu kwenye gazeti, wa kwako.

Basi, usihuzunike. Mama Sanyu hupika bila kuonja, na sufuria yake hurudi tupu. Nitakupikia mwenyewe, na chumvi nitakuonjea mimi, mpaka siku utakayoniambia nimeizidisha.

Mdogo wako,
Wekesa