Fundo ya Papa

Liège, 14 Janvier 2025

Papa mupenzi,

Mbote sana. Magoti inaendelea namna gani? Mudogo yangu Safi atakusomea hii ku simu yake polepole, maana nikipiga, husikii kitu na kelele ya chute, ile maji inaanguka.

Habari si muzuri. Kaka Constant iko hospitali. Grippe ilishuka mu mapafu, siku tatu tu, pumzi ikakosa. Bamemufunga ku mashini: inatoa damu ku shingo, inaiwekea hewa, inairudisha. Analala, hasikii kitu. Lakini damu ikipita mu tuyaux, ile mipira ya mashini, inataka kuganda, donc banamupa dawa ya kuifanya ikuwe maji-maji. Dawa kidogo, damu inaganda na mashini inasimama. Dawa mingi, damu inatoka fasi yote. Banapima kila saa ine. Infirmière Aimée, anayemuuguza, ananikataza hata kumunyoa ndevu, maana kidonda kidogo haifungi.

Utuombee.

Mutoto yako,
Lydie

Kisangani, 16 Janvier

Mama Lydie,

Nakusalimia. Magoti iko pale pale, usiulize tena. Safi amesoma barua yako mara tatu mpaka akachoka.

Hiyo mashini, naishukuru. Lakini mapafu ikifungana, sisi tunachanja: mikato mbili ndogo ku kifua, moja kila upande, na majivu juu. Papa yangu alinichanja vile. Constant nilimuchanja akiwa na miaka ine, na akapumua, alama unaijua. Tonton Franck anapanda ndege Bangboka kesho kutwa. Nimemupa kitambaa, wembe na majivu iko ndani, nimeifunga na fundo ile ya kufungia nasa zangu za samaki. Damu ikitoka kidogo, ni ugonjwa inatoka. Usiambie pasta. Docteur pia, usimuambie.

Papa yako

Liège, 21 Janvier

Papa,

Mbote. Umelala vizuri? Kitambaa ilifika. Nimefanya kama ulisema, Aimée alipotoka. Mikato mbili, damu kidogo tu. Moyo yako itulie.

Bamepunguza dawa, maana tangu juzi pua yake inatoka damu. Sasa Aimée anamulika na torche kando ya tuyaux, anatafuta nukta nyeusi, ndiyo damu inayoanza kuganda. Miye namushika Constant mukono. Iko na joto.

Mutoto yako,
Lydie

Kisangani, 22 Janvier

Mama,

Salamu mingi. Leo nimekula, majani ya pondu na samaki, sahani muzima, uliza Safi. Mu kanisa niliimba mpaka pasta akanigeukia. Nilijua utanisikia, hata kama tangu utoto uko kichwa nguvu. Ataamuka lini? Nimeanza kumusukia nasa mupya. Akirudi, tutaitega pamoja.

Papa yako

Liège, 25 Janvier

Papa,

Kaa chini kwanza. Safi akushike mukono.

Constant ametuacha jana saa kumi. Damu ilimwagika mu kichwa. Balisimamisha dawa, damu mu mashini ikaanza kuganda. Baliirudisha kidogo, damu ya kichwa ikazidi. Siku mbili balijaribu hivyo, nikiwa pale. Hata kuizima, nilikuwa pale.

Siwezi kuandika zaidi. Nisamehe.

Lydie

Kisangani, 27 Janvier

Lydie,

Safi anaandika hii analia, nimemukataza kubadilisha neno.

Uliniandikia kwamba damu yake ni maji-maji. Na miye nikatuma wembe. Ni miye nimeua Constant. Wewe ulitii papa yako tu, usibebe kitu. Batu banakuja ku matanga, banataka kunipa mukono, nakataa. Nasa yake nimeitupa mu maji. Usiniandikie tena.

Hilaire

Liège, 28 Janvier

Papa,

Leo sikusalimii kwanza. Sikuchanja. Unasikia? Sikumugusa na wembe hata kidogo. Nilikudanganya, maana niliogopa kukuambia hapana, na nilijua utaacha kula. Nilifikiri atapona, nitakuambia, tutacheka. Damu ya kichwa ilitoka yenyewe. Ba docteurs banasema inatokea ku mashini hii hata kama dawa imepimwa vizuri. Si mukono yako.

Mutoto yako,
Lydie

Liège, 3 Février

Papa,

Mbote. Safi ananiambia ukisikia jina yangu unatoka mu nyumba. Unafikiri ni sasa ndiyo nadanganya, ili ukuwe na amani. Uko na haki, nilikudanganya mara moja.

Karatasi zangu za kukaa huku haijatoka, siwezi kupanda ndege na kaka yangu. Inanichoma sana. Tonton Franck atamufikisha Bangboka tarehe munane. Mu muzigo ya Franck iko kitambaa yako. Usiniamini miye. Angalia fundo.

Lydie

Kisangani, 11 Février

Mama Lydie, mutoto yangu,

Nakusalimia. Unakula? Iko mutu anakaa na wewe?

Constant alifika. Jana tumemuzika kando ya mama yako.

Franck aliniwekea kitambaa mu mukono pale pale Bangboka. Niliipeleka ku mwangaza, nikaigeuza. Fundo ni yangu. Kidole yangu ya kushoto ile ilikatika, inafanya kamba ipinde upande, hakuna mutu anaweza kuiiga. Haikuguswa. Nikakaa chini mu vumbi, batu bote banaangalia.

Siku kumi na ine nilijua nimeua mutoto yangu. Ungeniambia hapana, Mama. Ningekasirika siku mbili, tatu, unanijua, ingepita. Sasa namulilia Constant tu. Ni mingi, lakini papa anaweza kuibeba.

Kitambaa sikuifungua. Niliiweka juu ya sanduku, fasi ya kifua, pale alama yake mbili ya utoto iko chini. Ndiyo bakaanza kumwaga udongo.

Papa yako