Njaa Aliyoikuta Mama Tumboni

Lituhi, Nyasa
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Notburga,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Vipi hali yako? Miguu bado inavimba? Na shemeji Nicholaus, joto la Tabora linamwendeaje? Sisi huku tunapumua. Ziwa limechafuka wiki nzima na dagaa wamekuwa adimu, lakini muhogo upo, hakuna anayelala njaa.

Juzi ulinipigia ukilia, ukauliza kama ugonjwa wa Mama uko kwenye damu yetu na kama utampa huyo mwanao aliye tumboni. Mtandao ukakatika. Nimeona nikuandikie, maana jambo hili halitaki maneno ya haraka.

Ni kweli, Mama ana kisukari. Unamjua alivyo mwembamba, na sukari hata kwenye chai haitaki. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Nikampeleka hospitalini Mbinga. Bibi Tereza naye akang'ang'ania kuja, eti mwanawe hatachomwa sindano yeye hayupo.

Daktari alikuwa dada mpole, anaitwa Serafina. Katika kuuliza habari za ukoo, akataka kujua chakula kilikuwaje nyumbani wakati Mama yuko tumboni. Bibi akadakia, tena kwa fahari.

"Babu yao alikuwa Tanga, kwenye mkonge. Nguruwe pori wakafukua mahindi yetu yote kule Mpepai. Nilichemsha mizizi ya migomba, nikala, nikamzaa huyu. Si unamwona?"

Daktari akatueleza taratibu. Mtoto aliye tumboni huonja hali ya dunia kupitia chakula cha mama yake. Akikuta njaa, mwili wake hujipanga kwa maisha ya njaa. Vile vinasaba tunavyorithi havibadiliki, ila vingine huzimwa na vingine huwashwa, na alama hiyo yaweza kukaa hadi uzeeni, pengine hata kumfikia mjukuu. Akasema hawezi kuapa kwamba ndiyo sababu ya ugonjwa wa Mama, kwa kuwa mambo ni mengi, lakini huenda imechangia.

Notburga, laiti ungemwona Bibi. Aliingia mle akijisifu, akatoka amejifunika kanga usoni.

Kuanzia siku hiyo akagoma kula. Sahani ukimwekea anaisukuma. "Mpeni mwanangu Rosina. Nilimlisha njaa kabla hajazaliwa, leo nikae nashiba mbele yake?" Tulimbembeleza, hakusikia. Padri akaja, akamwambia njaa si dhambi. Akaitikia "Amina," kisha akageukia ukutani. Akaanza kupepesuka akitembea. Niliogopa tutamzika.

Ndipo Mama akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimeza kidonge chake cha asubuhi, na unajua dawa ile ukishameza ni lazima ule. Akajitengea ugali na dagaa, akaketi mkekani karibu na Bibi, akakunja mikono.

"Sili mpaka ule, Mama."

"Rosina, usinifanyie hivyo."

"Basi kula."

Wakakaa hivyo, kila mmoja na ukaidi wake. Mara nikaona jasho linamtiririka Mama usoni, mikono inatetemeka, maneno yanamgongana. Nikajua dawa imemshusha sukari kupita kiasi; nikakimbilia sukari, nikakoroga kikombeni. Sijafika hata mkekani, Bibi akaninyang'anya kikombe, yule yule ambaye jana yake hakuweza kusimama peke yake! Akamshika Mama shingo, akamnywesha. "Kunywa, mwanangu. Kunywa, kunywa."

Mama alipopata nafuu akasema, "Hukuninyima, Mama. Kilikuwa kidogo, ukanigawia. Usingenigawia, ningetoka wapi?"

Bibi akalia kwa sauti, kilio cha siku zote zile. Kisha akakata tonge, akachovya, akala. Walikula sahani moja. Mimi nikatoka nje, nikalia kilio changu.

Sasa swali lako. Nilimuuliza daktari Serafina kwa ajili yako. Alisema alama si hukumu. Ule vizuri: mboga za majani, maharage, dagaa, mayai ukiyapata, na usijinyime kwa hofu. Mpimwe sukari mapema, wewe na shemeji pia. Tena mwambie shemeji chakula cha baba nacho kinahesabiwa, hata kabla ya mimba, kwa hiyo kwa ajili ya mtoto atakayefuata apunguze soda na chipsi. Asicheke, sijatunga mimi.

Mama anaendelea vizuri, sukari imetulia. Bibi ndiye anayemsimamia dawa sasa, na hana huruma hata kidogo.

Baba mdogo Othmar anakusalimu, na mwanangu Rosina mdogo anauliza mtoto atakuja lini. Jirani yetu Joakim anapita Tabora, atakuletea dagaa waliokaushwa vizuri. Mungu akulinde wewe na huyo uliyembeba, akufungue salama.

Nilipomwambia Bibi nakuandikia, aliniita nirudi. "Mwambie ale mpaka ashibe. Kisha amwambie na mtoto: huku nje chakula kipo."

Dada yako anayekupenda sana,
Edina