Kadi Nilizozitia Motoni

Njoro, Nakuru

Ndugu yangu Stefano,

Kule kwa Mmarekani wa misheni wameajiri dobi mwingine mahali pako. Anaunguza kola. Ungemwona ungecheka, halafu ungemnyang'anya pasi.

Miezi minne imepita tangu tukuzike, na sina raha, kwa sababu kuna jambo nililokuficha. Ni kuhusu zile kadi zako za besiboli.

Yule Mmarekani alikuwa nazo tangu utoto wake, picha za watu wa kwao wanaopiga mpira kwa rungu. Wale wenye sifa alibaki nao kwenye albamu. Wengine, ambao hata yeye hakuwakumbuka, akakupa wewe. Ukawa unazifunika kwa kitambaa na kuzipitishia pasi ya makaa, taratibu, mpaka pembe zilizokunjika zikanyooka. Nilikuuliza unawatakia nini watu wasiojulikana hata kwao. Ukasema, "Hao wakubwa wana watu wa kuwatunza. Hawa je?" Nikakuita mjinga. Halafu ukaanza kuwapa majina ya majirani, kwa penseli, nyuma ya kadi: huyu ana masikio ya Kamau, huyu amenuna kama mjomba. Tulicheka hadi mama akatugombeza.

Siku ya msako ulikuwa kazini. Nilisikia filimbi upande wa kisimani, nikalitazama lile kopo la biskuti ulimoziweka kadi. Majina arobaini ya watu wetu, kwa mkono wako! Wakati ule wa hali ya hatari, nani angeamini kwamba si orodha ya waliokula kiapo cha kupigana na Wazungu? Nikazitia zote motoni, chini ya sufuria ya githeri. Zakaria na wenzake wa homgadi, walinzi wa serikali pale kijijini, walipekua kila pembe, wakaondoka mikono mitupu.

Jioni ulipolikuta kopo tupu, ulisema mwenyewe, "Ni Zakaria." Nami nikanyamaza. Stefano, nilinyamaza tu. Nilidhani nitakuambia kesho, na kesho ilipofika nikaogopa zaidi.

Zakaria, uliyechunga naye mbuzi kule Longonot! Alikuapia, ukampa mgongo. Alikuletea maziwa ukiwa mgonjwa, ukayarudisha. Siku ya mazishi alichota udongo, mama akamshika mkono: "Mwanangu alikukataa." Zakaria akauachia udongo miguuni pake mwenyewe, akaenda zake. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

Ningekuambia, ungenikaripia siku moja, mbili, yangekwisha. Nakujua. Nilikunyima rafiki kwa kuogopa maneno ya siku mbili.

Mama nimemwambia leo asubuhi. Alichukua jembe akaenda shambani, na hajarudi. Kesho naenda kwa Zakaria, na Jumapili nitasimama kanisani niseme mbele ya watu wote. Halafu, akikubali, nitamleta kaburini kwako atupe udongo wake. Mimi nitangoja nje ya ua hadi mmalize.

Pumzika, ndugu yangu.

Dada yako,
Wanjiru